Kilima Chini ya Chumba cha Mama

Siku niliyokiona kilima cha kwetu kimepasuliwa, nilikuwa nimekwenda kugombana. Nilitoka kwangu Ngamiani, mjini, asubuhi, nimeifunika cherehani na nguo za harusi ya watu zikiwa hazijapigwa hata pindo, nikapanda gari la Maramba na maneno yangu yote nimeyapanga kichwani. Jirani wa mama ndiye aliyenipigia simu. "Njoo umwangalie mama yako," aliniambia, "wanamchimba kwa chini." Sasa ukiambiwa mama yako anachimbwa kwa chini unafanyaje? Mimi nina mdomo, sifichi, na kuanzia Pongwe nilikuwa nasema peke yangu mpaka mama mmoja niliyekaa naye akanipa pipi ili ninyamaze.

Nyumba yenyewe iko mgongoni mwa kilima. Baba aliijenga alipoacha kukata mkonge. Alikuja kutoka kusini akiwa kijana, kama walivyokuja wengi wa rika lake, akakaa kambi ya shamba nusu ya umri wake, akaapa kwamba hatafia kwenye nyumba ya shamba. Kile kipande cha kilima alikipata kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mteremko ulikuwa mkali hata mbuzi walipita hapo kwa kujifikiria. Akakisawazisha kwa jembe, akachoma matofali, akasimamisha vyumba vitatu na baraza, na humo ndimo alimofia. Mama naye alishatutangazia sisi watoto wake wote kwamba atatolewa kwa mlango ule ule, na asitokee mtu wa kumletea habari za kuhamia mjini. Niliwahi kumwomba aje tukae wote Ngamiani. Akaniuliza atalala wapi, juu ya cherehani?

Chini kabisa, pale kilima kinapokutana na barabara, ni kiwanja cha shule ya sekondari. Walikuwa wanajenga bweni la wasichana. Na bweni lenyewe sikuwa na ugomvi nalo, maana najua mabinti wanaotoka mashambani wanavyopanga vyumba vya ajabu ajabu mitaani ili wawe karibu na shule, na najua yanayowapata humo. Ila kiwanja kilikuwa chembamba, na ili bweni lienee ilibidi wakimege kilima. Hilo ndilo nililokwenda kulikataa.

Niliposhuka kwenye gari nikainua macho, maneno yote yakaniishia. Mahali palipokuwa na majani na njia ya kupandia palikuwa na ukuta wa udongo uliosimama wima, mrefu kuliko nyumba yoyote ya Maramba. Juu kabisa ulikuwa na utepe mweusi, mwembamba kama godoro la mkekani, ule udongo tuliokuwa tunaulima. Chini yake wekundu. Chini ya wekundu, rangi ambazo sikuwahi kuziona pale kwetu: njano, kijivu, mabaka meupe kama ya chokaa, na mizizi inaning'inia haijui iende wapi. Na kule juu, nyuma ya migomba, kipande cha bati la mama. Kile kilima nimekipanda na ndoo kichwani tangu nikiwa mtoto, nimeanguka juu yake, nimechapwa juu yake, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kina ndani. Nilisimama barabarani mkoba begani, mwili umenisisimka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mzee wa heshima anaoga.

Halafu nikakumbuka kilichonileta.

"Nani mkubwa hapa?" niliuliza.

Wale vijana wa zege wakanionyesha mwanamke mmoja mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, kofia ngumu ya njano imemshukia mpaka kwenye nyusi. Ndiye aliyekuwa injinia. Nikamwaga yote niliyoyapanga. Nikamuuliza kama kwao hawana wazazi, kama alisoma ili aje kuwaangushia wajane nyumba, kama hilo bweni litajaa wasichana au litajaa maiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunikatiza. Nilipovuta pumzi akasema, "Pole na safari, dada. Kumbe wewe ndiye binti yake. Naomba unipeleke kwa mama. Kila nikienda kumuuliza hali ya nyumba ananipa chai, ananiambia hajambo, ananisindikiza."

Huyo ni mama kabisa. Tukapanda.

Tulimkuta anachambua mchicha barazani. "Shikamoo mama," injinia akasema. "Marahaba mwanangu, umekuja na mgomvi wangu," mama akajibu, akainuka kwenda kuleta chai. Injinia akamwambia kwamba kabla hawajaanza kuchimba alikagua nyumba nzima na uwanja wote, na alikuta pazuri. Sasa alitaka kujua kama kuna ufa wowote umetokea tangu hapo, ndani au nje.

"Hakuna," mama alisema, tena kwa majivuno. "Nyumba yangu haina ufa."

Ni kweli haikuwa nao. Mimi mwenyewe nilizunguka nikaangalia kuta. Lakini nilipofika uani, kati ya nyumba na jiko, niliona kitu ambacho mtu mwingine asingekitilia maanani. Ardhi ya pale ilikuwa imesiribwa kwa udongo, imelainishwa vizuri kwa kiganja kama mama anavyolainisha siku zote, ila usiribaji wenyewe ulikuwa umekaa kama mkanda. Ulianzia kwenye bafu la mabati, ukapita mbele ya jiko, ukaishia kwenye mpapai. Mtu akisiriba anasiriba eneo, hasiribi mkanda.

"Mama, hapa ulisiriba lini?"

"Jumamosi. Si kila Jumamosi nasiriba? Panakatika, naziba." Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Jumapili watu wa jumuiya wanakuja kusali hapa. Wakute kwangu kuna nyufa?"

Injinia alikuwa ameshika kikombe. Akauliza taratibu, "Panakatika tangu lini, mama?"

"Tangu hilo dude lenu lianze kunguruma."

"Na unaziba kwa udongo kiasi gani?"

"Mwanzoni kiganja tu kilitosha," mama akasema. "Siku hizi ndoo."

Sijawahi kumwona mtu akiweka kikombe chini kwa uangalifu namna ile. Injinia alitoa simu, akamwambia mtu wa chini azime eskaveta sasa hivi, si baadaye, na vijana wote watoke chini ya ule ukuta. Halafu akapiga goti, akamwomba mama ruhusa, akabandua usiribaji kwa ncha ya kisu cha mchicha. Chini yake palikuwa na ufa. Akachomoa chelewa moja kwenye ufagio wa mama, akaiingiza. Ikazama yote. Akachukua nyingine ndefu zaidi, nayo ikazama, mkono wake ukafika kwenye udongo na chelewa haijagusa kitu.

Mama akajishika mdomo. Nikasogea upande wa nyumba bila hata kujijua. Yaani kipande chote kile cha kilima, pamoja na jiko na bafu na migomba, kilikuwa kimeshaanza safari ya kuteremka, na mama kila Jumamosi anachukua udongo wa kichuguu, anauchanganya na majivu, anakipaka poda ili wageni wasijue.

"Hukukosea, mama," injinia alimwambia. "Na mimi nilipita hapa juzi, nikaona uwanja msafi nikafurahi."

Lakini hakuishia hapo. Alisimama akaanza kufuata maji. Bafu la mama, kama mabafu yote ya Maramba, lina kamfereji kanakopeleka maji ya kuoga kwenye migomba. Kwetu huwezi kukuta bafu bila migomba, ni kama jiko na mafiga. Na mama migomba yake ilikuwa ya kutambiwa, mikungu inainama mpaka inawekewa nguzo. Ilikuwa imesimama ukingoni kabisa, upande wa pili wa ufa. Injinia akatueleza kwamba udongo wa kilima ukiwa mkavu unashikana wenyewe kwa wenyewe, lakini maji yakipata njia ya kuingia ndani unalegea, unakuwa mzito, na unatafuta pa kwenda. Ulivyokuwa na kilima mbele yake cha kuegemea, ulivumilia. Sasa kule mbele kumekatwa.

Mama alifikiri. "Kwa hiyo miaka yote hii nakiogesha kilima," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na sabuni juu."

Injinia akacheka, na mimi nikacheka.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niache kugombana na yule mwanamke maisha yangu yote. Tulishuka naye, akamwendea dereva wa eskaveta, akamwambia arudishe udongo. Dereva akadhani hakusikia vizuri. Kifusi chote walichokuwa wamekitoa kilikuwa kimerundikwa pembeni kinangoja malori, na sasa anaambiwa akirudishe pale pale alipokitoa, akirundike miguuni mwa ule ukuta. Msimamizi wa mkandarasi akaja juu, akasema wamekuja kuchimba, hawakuja kufukia. "Tutachimba," injinia alimjibu, "ila leo tunafukia." Akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimekodoa macho. "Kilima kimekatwa mguu, dada. Kabla ya mengine yote tukiwekee kitu cha kuegemea."

Nimekaa mjini na majengo yanaota kila siku, nimezoea kuona watu wanaoendelea tu hata mambo yakiharibika, maana kurudi nyuma ni aibu. Sikuwahi kumwona mtu mwenye mtambo na mamlaka akisema turudishe. Mpaka jioni lundo jekundu lilikuwa limesimama miguuni mwa kilima, na vijana walikuwa wananung'unika, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye tofali nimeshika tama kwa mshangao.

Mama alitakiwa ahame mpaka kazi iishe. Alikataa. Hakupiga kelele, alikataa kwa upole ule ule wa chai. Alisema akitoka mara moja watapata sababu ya kumzuia asirudi, na kwamba mume wake alimwacha kwenye nyumba ile. Wakavutana, wakafika mahali. Jiko litavunjwa, bafu litahamishiwa upande wa barabara ya juu, migomba itakatwa, vyote hivyo vipunguze uzito na maji ukingoni. Mama ataacha chumba chake cha nyuma, kile cha upande wa ukingo, atalala cha mbele, na siku injinia akisema tokeni, atatoka bila mjadala.

"Nikikuona wewe unakimbia na hiyo kofia," mama akamwambia, "nitakuwa nyuma yako."

Migomba aliikata mwenyewe. Hakumruhusu mtu. Alivaa kitenge cha shamba, akaipiga panga mmoja mmoja, mikungu mibichi akaigawa kwa majirani, na alipomaliza akaingia ndani akafunga mlango. Jiko tulilivunja mimi na vijana wawili wa saiti. Lile jiko limetulea sisi sote. Ukuta wake wa ndani ulikuwa mweusi wa moshi hadi unang'aa, na ulipoanguka harufu ya maharage ya zamani ilitoka, nakwambia kweli, nikalia.

Nilibaki Maramba. Wenye nguo zao za harusi walinitukana kwenye simu, wakaja kuzichukua. Injinia alipigilia vigingi viwili, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, kila kimoja na msumari kichwani, akanipa kazi ya kupima nafasi kati ya vigingi hivyo kila asubuhi. Nilipima kwa futi yangu ya kushonea. Asubuhi za mwanzo nafasi iliongezeka, kidogo sana, kiasi cha upana wa uzi, lakini iliongezeka, na mimi nilikuwa napima mara mbili mbili nikiomba niwe nimekosea. Kisha baada ya lile lundo kukaa na maji kukatwa, ikasimama. Niliteremka kilima mbio kumwambia injinia. Akasema, "Asante, endelea kupima," lakini nilimwona akivua kofia akajifuta uso.

Aliyeteseka kuliko wote ni mama, kwa sababu alikatazwa kusiriba. Ufa ulifunikwa turubai ili mvua isiingie, na ilitakiwa uonekane ulivyo, usipakwe kitu. Watu wa jumuiya walipokuja Jumapili aliwapokea mlangoni kabisa na maelezo: injinia kakataza, si kwamba nimeshindwa, injinia kakataza. Alilisema kama mtu aliyekatazwa chumvi na daktari.

Na usiku alikuwa hapati usingizi. Mwanzoni hakuniambia. Lakini ikinyesha hata manyunyu, asubuhi nilikikuta kitanda chake kimetandikwa vile vile nilivyokiacha mimi jana, na yeye yuko kwenye kiti karibu na mlango, kavaa viatu, rozari mkononi, na kifurushi chenye picha ya baba kiko magotini. Nikimuuliza anasema alikuwa anasali. Viatu vya nini kwenye sala, mama? Mvua za masika zilikuwa hazijaanza bado, na mimi nilikuwa najiuliza zikianza itakuwaje.

Basi wakaanza kukishona kilima. Sina neno lingine. Vijana walifunga kamba kwenye vyuma walivyovisimika upande wa barabara ya juu, mbali na ufa, wakateremka kwenye ule ukuta wa udongo wamening'inia na mashine za kutoboa. Walitoboa matundu marefu yanayoingia ndani ya kilima kwa kuinama kidogo, wakasukuma nondo humo, nondo ndefu kuliko chumba, halafu wakajaza uji wa saruji mpaka ukafurika mdomoni mwa tundu. Injinia aliziita misumari. Nikamuuliza msumari unaopigiliwa kwenye udongo unashika nini. Akasema unapita kwenye udongo uliolegea unakwenda kushika ule ambao haujalegea, kule ndani, nyuma ya ufa.

Kule ndani ni chini ya nyumba yetu. Nilikuwa nimekaa na mama katika chumba chake cha nyuma walipofika usawa wetu. Kwanza vikombe vililia kabatini. Kisha sakafu ikaanza kutetemeka kwa mbali, mtetemo mwembamba wa kuja miguuni kupanda mpaka kwenye meno. Mama aliinama akaweka kiganja chini. Akakaa hivyo muda mrefu, uso umetulia, kama anamsikiliza mtoto tumboni mwa mtu.

"Wako chini ya kitanda changu," akasema.

"Unaogopa?"

"Hapana. Nashangaa tu. Mtu anapita pale ambapo hata baba yenu hakuwahi kufika."

Baada ya misumari wakatandaza wavu wa waya juu ya uso wa kilima chote, wakaupigia zege, na katikati ya zege wakaacha mabomba yachungulie nje ili maji ya ndani yapate pa kutokea. Ilibaki sehemu ya chini, pale penye lundo, ambapo ulitakiwa usimame ukuta mnene wa kushikilia kila kitu. Nilifikiri sasa wataliondoa lundo lote wajenge. Wapi. Waliondoa kipande kimoja chembamba, wakajenga ukuta wa upana huo tu, wakaruka, wakaenda kufungua kipande kingine mbali, wakajenga, wakaruka tena, wakaacha zege likomae ndipo wakarudi kwenye vile vilivyobaki katikati. Hiyo kazi niliielewa mara moja, kwa sababu ndivyo ninavyokipiga bandi, yaani kukishikiza kwa muda, kitambaa kinachoteleza: unashika hapa, unashika pale, ndipo unarudi katikati, la sivyo chote kinakukimbia.

Kipande cha mwisho kilikuwa kile cha chini ya chumba cha mama hasa. Siku hiyo injinia alipanda mwenyewe. "Mama, leo ndiyo nasema tokeni."

Mama hakubishana. Alivaa gauni la kanisani, akachukua kifurushi chake, tukashuka naye kwa njia ya kuzungukia. Tangu waanze kuchimba hakuwahi kukubali kushuka kutazama. Alisema hataki kuiona nyumba yake ikiwa uchi. Tulimkalisha ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha duka. Akainua macho. Ukuta wa zege ulikuwa umesimama kushoto na kulia, na katikati kulikuwa na lile lundo lililobaki, na juu yake zege la kijivu lenye vichwa vya nondo, na juu ya hayo yote, mbali huko, nyumba yetu, ndogo, bati lake limeshika kutu upande mmoja. Mama alitazama, akatazama. Pembeni yake palikuwa na kifusi cha lile jiwe la kijivu na njano lililotoka ndani kabisa ya kilima. Akaokota pande moja, akaliminya. Likavunjika kama muhogo mkavu, likamwagika vidoleni.

"Baba yenu alituambia tumejenga juu ya mwamba," akasema. Akajikung'uta mikono. "Mwamba wenyewe ndio huu."

Eskaveta ikasogea. Ilichota mara moja, ikasimama. Injinia alikuwa pembeni ameinua mkono, macho yako juu, hayako kwenye mtambo. Akashusha mkono, ikachota tena. Kila ilipochota palibaki uwazi mkubwa zaidi, na ule udongo wa ndani ukawa wazi, mbichi, unang'aa unyevu. Mara bonge moja likabanduka likaanguka, likapasuka. Vijana wote wakarudi nyuma. Nilimshika mama mkono, nikahisi vidole vyake vimekuwa vya baridi. Dereva alizima mashine, na pale kimya kilipoingia nilisikia vichangarawe vikiteleza, kimoja, kingine, halafu havikusikika tena. Injinia hakushusha mkono. Tulingoja hapo, barabara nzima, hata wenye pikipiki walikuwa wamesimama, sote tunaangalia nyumba ya mwanamke mmoja ikiwa imekaa hewani, imeshikwa na vyuma tusivyoviona.

Haikusogea hata kidogo.

Ndipo injinia akaenda mwenyewe. Aliingia kwenye ule uwazi, akaweka mkono kwenye udongo, akatazama juu, akawaita vijana wa nondo. Wakaingia. Wakaingia watu wazima, wenye wake na watoto, chini ya kilima kilichokuwa kinateremka mwezi uliopita, wakaanza kufunga nondo kwa waya huku wanataniana habari za mpira. Hilo liliniogopesha zaidi kuliko lile bonge. Mpaka jua linainama zege lilikuwa limemwagwa, na mama alikuwa bado amekaa pale pale kwenye kivuli cha duka, hajaomba hata maji.

Nilirudi Ngamiani kwenye cherehani yangu. Mvua za masika zilipokuja, zilikuja za hasira. Ngamiani mitaa iligeuka mito, watu wanasukuma baiskeli maji yakiwa magotini. Siku ya nne bila jua nikapiga simu kwa mama, haikupokelewa. Nikapiga kwa jirani, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nilishindwa kushona. Nikafunga duka, nikaondoka hivyo hivyo na kandambili.

Njia ilikuwa mbaya, kuna mahali tulishuka abiria wote tukasukuma gari. Nilifika alasiri, mvua bado inamwaga. Nilikimbia mpaka mbele ya bweni, ambalo lilikuwa limefika kwenye linta, usawa wa juu ya madirisha, nikainua macho huku nimejikinga kwa kiganja. Ukuta ulikuwa umesimama. Na kila bomba, kila moja kuanzia chini hadi juu, lilikuwa linatoa maji. Mengine yanadondoka, mengine yanaruka kwa nguvu, maji meupe, safi, yanatoka ndani ya kilima yanaingia kwenye mfereji yanakwenda zake. Nilisimama kwenye mvua nikaduwaa. Kilima kilikuwa kinakunywa na kutoa, kinakunywa na kutoa, hakina haraka na mtu.

Lakini mama sikuwa nimemwona. Nikapanda. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikagonga, nikabisha hodi, sauti ikamezwa na mvua juu ya bati. Nikagonga kwa ngumi. Kimya. Nikausukuma mlango kwa bega, haukuwa na komeo, nikaingia sebuleni nimelowa chapachapa. Kwenye kiti hakuna mtu. Chumba cha mbele hakuna mtu, godoro limekunjwa. Nikaenda cha nyuma, kile chake mwenyewe, kile cha juu ya ukuta.

Mama alikuwa amelala. Mchana kweupe, mvua inaangusha dunia, amelala chali, viatu viko chini ya kitanda, mdomo wazi, anakoroma kama dereva wa lori. Nilikaa sakafuni na maji yangu yote. Nikaweka kiganja chini pale alipokiweka yeye. Hakukuwa na kitu, sakafu tu, baridi, imetulia. Nikaanza kulia, na nikijitahidi kunyamaza ndiyo kwikwi zinazidi.

Akafumbua jicho moja.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi niache nilale."

Akavuta kitenge mpaka masikioni, akageukia ukutani.